Pikapu Iliyolia Kimali

Vijana wa pale pa kuoshea magari, mmenisumbua vya kutosha. Tangu niwaage na kuwagawia brashi zangu, haipiti wiki bila mmoja wenu kunipigia simu. Mama Minza, siti imeota ukungu, nifanyeje? Mama Minza, dashibodi inanata kama ulimbo, nifanyeje? Mimi nimestaafu. Magoti yalistaafu kwanza, mgongo ukafuata, mimi mwenyewe nikawa wa mwisho kupata taarifa. Basi naandika mara moja, msome, simu yangu ipumzike. Habari za nilikuwa nalipwa ngapi na nani alinipandisha cheo msizitafute humu. Mtu anayeingiza kichwa chini ya siti za magari ya watu ana cheo kimoja, na anacho tangu siku ya kwanza.

Kazi hii sikuitiwa na Mungu. Niliingia kwa sababu ya uji. Nilikuwa nauza uji karibu na stendi ya Bariadi, enzi hizo mji haujawa makao ya mkoa na hatujaletewa maofisa wenye magari ya viyoyozi. Jirani yangu alikuwa Fundi Masanja, mshonaji wa siti za magari, mwenye cherehani kubwa na mdomo mkubwa kuliko cherehani. Asubuhi moja dereva mmoja alichukua kikombe changu akaenda kunywea ndani ya gari lake, wakati nyuma amefunga beberu. Yule beberu ama aliuchukia uji ama aliupenda kupita kiasi, mpaka leo sijajua. Alirusha teke moja tu. Uji ukaenda kwenye siti, kwenye redio, kwenye matundu ya hewa, mpaka kwenye ile rozari iliyoning'inia kiooni. Dereva akaanza kumtukana mbuzi kwa Kisukuma, lugha ambayo mbuzi wa kwetu wanaielewa vizuri sana.

Mimi nilichotaka ni kikombe changu. Lakini nilipochungulia ndani nikaona uji unaingia kwenye mishono ya siti, na mikono yangu ikakataa kuondoka. Nilichomoa njiti za fagio la chelewa, nikazizungushia kitambaa cha maji moto, nikaufuata mshono mmoja baada ya mwingine. Nilipoinua kichwa, Fundi Masanja alikuwa amesimama mlangoni, tepu ya kupimia shingoni.

"Nani kakufundisha kufuata mshono?"

"Vibuyu, fundi. Kibuyu cha maziwa usipokisafisha mpaka kwenye kona za shingo, maziwa ya kesho yote yanaharibika."

Akaitazama siti. Akanitazama mimi. Akainamia sufuria langu.

"Kesho achana na uji," akasema. "Kwanza uji wenyewe ni mwepesi."

Huo ndio ulikuwa usaili wangu. Wengine mnasema mmesomea. Vizuri.

Siku ya kwanza alinikabidhi brashi ya viatu, mswaki mzee na furushi la fulana za kampeni za uchaguzi. Fulana hizo ndizo vitambaa bora kabisa vya kazi hii, na nawaambia kwa uzoefu. Zikishafuliwa mara kadhaa zinakuwa laini, hazikwaruzi plastiki, na hazina upendeleo. Nimefuta magari ya kila chama kwa fulana za kila chama, na uchafu uliotoka ulikuwa wa rangi moja.

Halafu akanifungia ndani ya gari bovu, vioo juu, akaniambia nifumbe macho nimtajie harufu. "Macho yanahongwa na polishi," alisema kutoka nje. "Pua haina rafiki." Nikataja: pamba, dagaa, jasho la watu, jasho la ng'ombe, mafuta ya taa. Akafungua mlango. "Umesahau kuku." Kweli, chini ya siti ya dereva kulikuwa na yai. Hatukulijadili zaidi. Lakini nanyi mkifungua gari la mkulima msimu wa kupulizia pamba, tangulieni kufungua milango yote na kusubiri kabla ya kuleta pua zenu. Ile dawa haijui kutofautisha funza na fundi.

Masanja alikuwa mwalimu mzuri kwa sababu makosa alikuwa anayafanya yeye mwenyewe, hadharani. Kuna mteja mmoja, mnunuzi wa pamba, alileta gari lake lina madoa ya wino kwenye dashibodi. Masanja akachukua thina. Wino ukatoka vizuri, na katika furaha hiyo akapitisha kitambaa kile kile kwenye kioo cha plastiki kinachofunika mshale wa spidi. Kikageuka cheupe papo hapo, kama jicho lenye mtoto wa jicho. Mwenye gari alipokuja akauliza sasa atajuaje mwendo wake.

"Angalia mbuzi barabarani," Masanja akamjibu. "Wakikimbia, punguza."

Tulimtafutia kioo kingine kwenye gari lililokufa kule Shinyanga. Somo mlishike: thina kwa chuma, si kwa plastiki. Kwa plastiki ni maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji kidogo, brashi laini na subira, na kila dawa mpya ijaribiwe kwanza mahali ambapo hata polisi wa barabarani hawezi kuona, chini ya usukani kwa mfano. Siti ya ngozi bandia ikipasuka, msiibandike kipande juu kama plasta ya kidonda. Pitisheni kitambaa kwa ndani, chini ya mpasuko, pakeni gundi, mvute kingo zikutane, muweke uzito, mwende mkanywe chai. Watu wa haraka waendeshe bodaboda.

Kazi ngumu zilikuja. Kuna Noah ilitoka Mwandoya, huko Meatu, na madebe ya maziwa, debe moja likafunguka njiani, na mwenye gari akaona ni busara kumwagia manukato. Ilifika Bariadi ikinuka kama bibi harusi aliyelala zizini. Tuling'oa siti zote, tukang'oa zulia, tukalikuta lile jamvi la chini limeshiba maziwa mpaka yameganda. Tulilifua, tukalianika, tukalifua tena, tukaweka mkaa wa kupikia ndani ya gari kunyonya harufu. Masanja alifanya kazi yote ile amejifunga kanga yangu puani, akitukana ng'ombe wote wa Meatu kwa majina ya rangi zao.

Lakini kazi ninayotaka kuwasimulia hasa ni ya kijijini Kimali, kwa sababu ndiyo mnayoisikia vijiweni, na vijiweni inasimuliwa vibaya.

Ilikuwa miezi ile ya jua kali kabla ya mvua. Mchana mmoja ikaingia pikapu ya zamani, rangi ya krimu, ikiendeshwa na dereva wa kukodi. Pembeni yake alikaa mama mtu mzima aliyevaa nguo nyeusi, Mayu Nkwimba, aliyefiwa na mumewe miezi michache nyuma. Na nyuma, kwenye bodi, amesimama ameshika mabomba, alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, aitwaye Mabula. Hakutaka kukaa ndani. Vumbi la njia nzima lilikuwa limempaka weupe mpaka kope, hivyo kama kulikuwa na mzimu kwenye lile gari, wa kwanza kushukiwa angekuwa yeye.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu mama, kisha nikampa shikamoo.

"Mwadila, ng'wanone, mwanangu. Marahaba. Nimeambiwa wewe unajua magari yanayolia."

Nikadhani ana maana ya breki.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mzee alipofariki, pikapu iliegeshwa uani Kimali, vioo vimefungwa, juani kutwa. Siku moja watoto waliochungulia wakapiga kelele. Dashibodi ilikuwa imetoa matone, yanateremka taratibu kama machozi. Kioo cha mbele kwa ndani kilikuwa na ukungu, kama mtu anapumua humo. Mabula akaitwa, akaona, akatoa hukumu: kaka analia ndani ya gari lake kwa sababu kuna mtu alimuua, na mtu huyo analala nyumbani kwa marehemu. Siku ya mkutano wa ukoo ikapangwa. Mayu Nkwimba alikuwa na macho mekundu, ya moshi wa jikoni na ya kulia. Nyie mmezaliwa huku, ambako macho mekundu ya mwanamke mzee huitwa ya mchawi, mnajua anawaza nini akisikia ukoo unakutana.

Nilifungua mlango nikagusa. Vidole vilinasa. Nilinusa, nikajua nusu ya jibu.

Fundi Masanja, mtu aliyekuwa anamtukana kila mteja bila kujali dini wala umri, alikuwa amejisogeza nyuma ya cherehani yake.

"Hiyo ni kazi yako," akaniambia kwa sauti ndogo. "Mimi ni wa siti."

"Siti ziko ndani ya gari hilo hilo, fundi."

"Siti haziumwi."

Nikachukua ndoo. Mabula akaweka mkono mlangoni. "We mama, ukifuta machozi ya marehemu, ya kwako utayafuta mwenyewe."

"Shikamoo, baba," nikamwambia. "Mimi nauliza kwanza, nafuta baadaye. Mayu, marehemu alikuwa anaipaka nini hii dashibodi?"

Yule mama akacheka. Kicheko kilimtoka ghafla, na yeye mwenyewe kilimshangaza.

"Mafuta ya mgando! Kila Jumapili kabla ya kanisa. Miguu yangu imepasuka kama mbuga za Meatu wakati wa kiangazi, yeye anapaka gari. Nikificha kopo, ananunua lingine, anaficha yeye. Mabula, si unajua? Si ulimtania siku ile kwamba ameoa wake wawili?"

Mabula alitaka kutabasamu, akajizuia. Alikuwa amekuja kwa kazi nyingine.

Sasa sikilizeni, hili ni la kazi. Plastiki laini ya dashibodi za zamani imechanganywa na mafuta kiwandani ili isiwe ngumu kama kigae. Ikizeeka na kupigwa jua miaka mingi, yale mafuta yanatoka, yananata, mengine yanapanda kwa joto na kuganda kwenye kioo kama ukungu. Ukiongeza juu yake tabaka la mafuta ya mgando la miaka na miaka, ukafunga vioo mwezi wa jua, italia kuliko wafiwa.

Niliyasema hayo. Mabula alinisikiliza kama mnavyomsikiliza muuza dawa za meno ndani ya basi. Basi nikaamua mikono iongee. Nikachukua maji ya uvuguvugu na sabuni, nikasafisha nusu tu ya dashibodi, upande wa abiria. Brashi, kitambaa, suuza, rudia, mpaka kitambaa kikatoka bila rangi ya njano. Nikamalizia na spiriti iliyozimuliwa, kidogo sana. Upande wa dereva sikuugusa. Tukafunga vioo, tukaisukuma pikapu juani, tukakaa kivulini. Mayu Nkwimba alikunywa chai. Mabula alikataa chai, kisha akainywa.

Jua lilipoanza kulegea nikafungua mlango. Upande wa dereva ulikuwa na matone mapya yanang'aa. Upande wa abiria ulikuwa mkavu kabisa. Nilijisikia vizuri, siwafichi. Nikampisha Mabula aone.

Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akashusha pumzi.

"Eeh," akasema. "Upande wa abiria amesamehe. Upande wa dereva bado."

Kutoka nyuma ya cherehani nikamsikia Masanja: "Huyu angesomea uwakili."

 Nikamwona Mabula usoni, na nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Alikuwa ametulia. Alikuwa anatafuta mlango wa kutokea, naye ameupata.

"Malizia na upande wa pili, fundi," akaniambia, safari hii kwa upole. "Nitawaambia wazee kaka amesamehe. Mambo yaishe, shemeji abaki nyumbani kwake."

Na mimi, ukweli, niliona ni jambo zuri. Mama atapona, mkutano utaisha, mimi nitaoga. Nikachovya kitambaa. Kabla sijafika kwenye dashibodi, Mayu Nkwimba akanishika mkono.

"Acha."

"Mayu, ni kitambo kidogo tu."

"Nikisamehewa, ina maana nilimuua." Hakupaza sauti. "Sitaki msamaha wa kosa la watu wengine. Gari litaondoka hivyo hivyo, nusu linalia, nusu limenyamaza. Na wewe utakuja Kimali na sabuni yako."

Nilikwenda. Masanja alinipa brashi yake mwenyewe, ile asiyomwazima mtu, na akaniambia nisikae siti ya dereva. Sikuwa na mpango huo, sijui kuendesha.

Mkutano ulifanyika uani, watu wamekaa kwenye mabenchi na viti vya miguu mitatu, pikapu katikati kama mshitakiwa. Mzee wa ukoo akafungua maneno. Mabula akaeleza habari ya upande uliosamehe na upande ambao bado, na watu wakaguna kwa kuridhika. Mimi nikaombwa kusema. Nikasema habari ya plastiki na joto, na kadiri nilivyosema ndivyo walivyonihurumia. Mzee wa ukoo akaniuliza kwa heshima kama nimekula.

Ndipo Mayu Nkwimba akasimama. Alilichukua beseni langu la maji ya sabuni, akavuka uwanja, akaliweka miguuni kwa Mabula.

"Wewe ndiye uliyeyaona machozi ya kwanza. Yafute."

"Mimi?"

"Si kaka yako? Mimi nilimfuta mwenyewe alipokuwa hawezi kunyanyuka kitandani. Nilimfuta mgongo, nilimfuta matapishi, nilimfuta uso asubuhi na jioni. Kila nikisikia pikipiki nilimwambia, huyo ni Mabula anakuja. Hukuja. Sasa njoo umfute."

  Mabula aliangalia wazee, na wazee wakaangalia chini. Akainama, akachukua kitambaa, akaingia ndani ya pikapu, upande wa dereva. Mimi nilisimama mlangoni kwa sababu kazi ni kazi. "Kwa mviringo, baba. Usikandamize. Suuza kitambaa, rudia."

Alifuta. Uchafu wa njano ukatoka, akasuuza, akafuta tena. Alipofika karibu na usukani, mahali ambapo plastiki imelika kwa mkono wa marehemu, mabega yakaanza kutikisika. Alilia kwa sauti, mtu mzima yule, kama hakuwahi kulia msibani, na baadaye niliambiwa kweli hakulia. Machozi yake yakawa yanadondokea pale pale alipokwisha kusafisha. Nilitaka kumwambia kwamba machozi yana chumvi, yataacha alama.  Kuna siku fundi anaacha dashibodi ichafuke.

Shangazi wa marehemu, bibi mdogo mwenye mkongojo, ndiye aliyesogea akaokota kitambaa kwenye beseni na kukinusa.

"Haya ni mafuta ya mgando," akatangaza. "Tena ya bei nafuu. Na sisi tumekaa hapa tangu asubuhi."

Tulifunga vioo, gari likakaa juani wakati watu wanakula ugali na maziwa. Baada ya chakula mzee wa ukoo akaenda mwenyewe, akapitisha kidole dashibodini toka mwisho huu hadi ule. Akakitazama. Akakifuta kwenye koti, ingawa hakikuwa na kitu. "Limekauka," akasema, na mkutano ukaisha kwa neno hilo moja. Hakuna aliyemwambia Mayu Nkwimba pole. Hakuna aliyemtaja tena mchawi. Huku kwetu, siku nyingine hicho ndicho unachopata, na unakipokea.

Niliporudi Bariadi, Masanja aliniuliza bila kuinua macho kwenye mshono: "Marehemu hajambo?" Nikamwambia anawasalimu, hasa mafundi wa siti. Alinirushia kipande cha sponji. Miaka iliyofuata, alipoacha kushona na mimi nikabaki na eneo, alikuwa bado anakuja kukaa na kuwaeleza wateja jinsi alivyonituma Kimali, yeye binafsi, baada ya kulichunguza gari.

Mvua zilipokwisha na pamba kuanza kutoka, Mayu Nkwimba alipita kunisalimia akiwa mjini kwa shughuli zake. Alikuwa amenenepa kidogo. Nikamkaribisha kwenye benchi, nikamuuliza habari za Kimali, na za yule shemeji yake.

"Hajaniomba radhi mpaka leo," akasema. "Lakini mvua ya kwanza iliponyesha, niliamka nikamkuta shambani kwangu na jembe la kukokotwa na ng'ombe wake. Hakusalimia. Alilima shamba lote, mpaka mpakani, akaondoka. Kwenye palizi akarudi."

"Kwa hiyo umemsamehe, mayu?"

Akafikiri, akanywa chai yake, akaweka kikombe chini.

"Ng'ombe wake nimewasamehe," akasema. "Yeye bado namwangalia."